Bomba Lililompendeza Mlezi Mkuu

Nchi yenyewe kwa sasa haina jina. La zamani lilifutwa kwa kuwa lilitolewa na wageni, na jipya liko mbele ya Kamati ya Jina, ambayo imeomba tena kuongezewa muda ili isafiri ikajifunze jinsi nchi nyingine zinavyoitwa. Wananchi hawasumbuki. Wakiulizwa wanatoka wapi husema "hapa", na muulizaji huelewa.

Katika nchi hiyo kuna kisima cha gesi kiitwacho Mzaa Chema. Kilipewa jina hilo kwa heshima ya marehemu mama mzazi wa Mlezi Mkuu wa Taifa. Siku ya uzinduzi Mlezi Mkuu alikitazama kipimo cha mgandamizo juu ya kichwa cha kisima, akaona mshale umesimama kwenye mia mbili na ishirini, akasema, "Namba hii inanipendeza."

Angesema mwingine, ingekuwa hewa tu. Lakini Sheria ya Mapendezi inaeleza kwamba kitu chochote kilichompendeza Mlezi Mkuu kitabaki kilivyo. Ndiyo sababu msafara wake haukosi daktari, mpishi na fundi wa kuchomelea. Fundi alishuka garini, akauchomelea mshale palepale, na tangu siku hiyo mgandamizo wa Mzaa Chema ni mia mbili na ishirini, jua liwake, mvua inyeshe.

Miaka ilipita. Gesi ikaanza kutoka na maji, kisha yakawa yanatoka maji bila gesi. Mji mkuu ukarudi kwenye mkaa. Kila nyumba ilikuwa na jiko la gesi lililogawiwa na serikali, na juu yake picha ya Mlezi Mkuu, kwa hiyo watu walipikia uani ili wasiichafue picha kwa moshi. Kisima hakikuweza kutangazwa kuwa kimekufa. Mama mzazi alikwisha kuombolezwa kitaifa, na kuomboleza mara ya pili kungeonyesha kwamba mara ya kwanza wananchi hawakulia vya kutosha. Redio ya taifa ilitafuta maneno ikayapata. Kila asubuhi, baada ya wimbo, ilisema: "Kisima cha Mzaa Chema kimepumzika, na kinaendelea vizuri."

Mhandisi Salha Mngoya, msimamizi wa kisima hicho, alikuwa akizima redio kabla ya sentensi hiyo. Hakuwa mtu wa hasira. Alisomea uchimbaji katika nchi ya baridi ambako watu hawasemi jambo mpaka wamelipima, na tabia hiyo ilimganda. Alijua kinachoendelea chini ya Mzaa Chema hakikuwa kizuri wala kibaya. Gesi ya katikati ilikuwa imekwisha, lakini pembeni, ndani ya mwamba uleule, palibaki mfuko wa gesi ambao kisima hakikuwahi kuufikia.

Basi akapeleka pendekezo. Hakuna haja ya kuchimba kisima kipya, alieleza. Tunaingia katika kile cha zamani, tunatoboa dirisha kwenye ukuta wake wa chuma huko chini, tunatokea ubavuni na kuufuata ule mfuko. Mabomba ya kawaida huungwa kipande kwa kipande. Sisi tutatumia bomba moja jembamba, refu, lisilo na kiungo, lililoviringwa kwenye gurudumu kubwa kama uzi kwenye kibiringo. Mashine iliyo juu ya mnara inalishika, inalinyoosha, inalisukuma chini likiwa na keke mdomoni. Mafundi huita kazi hiyo kuchepusha kisima.

Pendekezo lilifika kwa Mkuu wa Itifaki, Bwana Fikirini Kapera. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, anayeongea taratibu kama anayemlisha mgonjwa uji.

"Mhandisi," alisema, "nimesoma. Ni zuri sana. Ila hili neno la kuchepuka."

"Lina nini?"

"Kisima kina jina la mama mzazi. Marehemu alikuwa mke wa mume mmoja maisha yake yote. Leo serikali itangaze kwamba Mzaa Chema ana mchepuko?"

Salha alimtazama aone kama anatania. Hakuwa akitania.

"Tuite vipi basi?"

"Ziara ya pembeni," alisema Bwana Fikirini, na kwa jina hilo kazi ikapitishwa.

Bomba lilifika bandarini liking'aa. Yalikuwa mawili: moja la kazi, moja la akiba. La akiba lilikatwa vipande wiki hiyohiyo likawa nguzo za mahema ya wageni, kwa kuwa nguzo za mbao zilionekana hazilingani na hadhi ya tukio. Salha aliliandikia Shirika la Gesi, mwajiri wake, kulalamika. Alijibiwa kwamba mahema yamesimama imara sana, na Shirika linamshukuru kwa mchango wake.

Hapo ndipo zilipoanza ziara nyingine, zile za juu ya ardhi.

Katika nchi hiyo mkubwa hawezi kuona kitu kabla hakijaonwa na walio chini yake na kuthibitishwa kwamba kinaonekana. Kwa hiyo kabla ya Mlezi Mkuu ilibidi bomba lionwe na Diwani. Baada ya Diwani, Mkuu wa Wilaya. Kisha Mkuu wa Mkoa, aliyechelewa, hivyo Mkuu wa Wilaya akarudi kuona upya ili mfuatano usivunjike. Wakaja wabunge kwa makundi, Umoja wa Wake wa Viongozi, na ujumbe wa Kamati ya Jina iliyotaka kujua bomba linaitwaje. Kila kundi lilitaka kuliona likikunjuliwa kutoka kwenye gurudumu, likipanda mnarani, likizama kisimani, na kisha, kwa ajili ya picha, likitoka na kuviringwa tena. Waziri wa Nishati na Shukrani alipenda zaidi kuona vipande vya chuma vinavyotoka dirisha likitobolewa. Dirisha likatobolewa mbele yake, miezi kabla ya wakati wake, naye akaondoka na chembe za chuma ndani ya bahasha.

Salha aliomba kumwona Waziri ofisini.

"Mheshimiwa, naomba ziara zisimame. Bomba linachoka."

"Linachoka?" Waziri alicheka kwa upole. "Mhandisi, mimi ndiye ninayechoka. Bomba limelala kwenye gurudumu siku nzima."

Salha alichukua kibanio cha karatasi mezani. Akakinyoosha, akakikunja, akakinyoosha, akakikunja. Mtoto yeyote aliyewahi kukata waya bila koleo anajua kilichofuata. Kibanio kilikatika vipande viwili.

"Chuma hakisemi kimechoka," alisema Salha. "Kila likitoka kwenye gurudumu linanyooshwa, kila likirudi linakunjwa. Lilitengenezwa kwa idadi maalumu ya kukunjwa. Karibu umri wake wote tumeshaumaliza kwa kupiga picha. Siku likipelekwa chini kwa kazi ya kweli, litakatika. Na dirisha liko wazi, Mheshimiwa. Gesi ya pembeni imeshaanza kuingia kisimani. Likikatika, inapanda kwa kasi hadi juu ya mnara, na pale juu pana mtu."

Waziri alivichukua vile vipande viwili, akaviweka kwenye kiganja, akavitazama kwa muda.

"Tulikuwa na kimoja," alisema, "sasa tunavyo viwili. Mhandisi, mbona husemi kwamba haya ni maendeleo?"

Mtu aliyekuwa juu ya mnara alikuwa Ngwali, mume wa Mboni, na Mboni ni mdogo wake Salha. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mashine ya kusukuma bomba, akiwa amejifunga mkanda wa usalama wenye mnyororo, na kuangalia kama bomba linaingia sawasawa. Salha mwenyewe ndiye aliyempatia kazi hiyo. Mboni aliwahi kumuuliza swali moja tu: "Dada, huko juu ni salama?" Salha alikuwa amepiga hesabu zote kabla ya kujibu. Akajibu kwamba ni salama, na siku hiyo hesabu zilikuwa sahihi.

Jumapili alikwenda kwao kula. Mboni alikuwa uani akipuliza mkaa, na jiko la gesi ndani limefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Shemeji, mbona umenuna?" alisema Ngwali, akimsogezea kigoda. "Au umesikia wali ni wa jana?"

"Ngwali, nataka uache kazi."

"Ehe! Leo shemeji kanifukuza kabla sijanawa."

"Sitanii. Bomba limechoka."

"Bomba likichoka linaviringwa, linapumzishwa. Mimi nikichoka nakatwa mshahara. Nani kati yetu wa kuhurumiwa?" Akanawa mikono, akakaa. Kisha akaongea kwa sauti ya chini ili isifike uani. "Nimeliona. Nikipitisha kiganja nahisi limevimba mahali, kama mshipa wa mzee. Najua. Lakini Itifaki wamepita juzi wakasema atakayeacha kazi kabla ya siku yenyewe ataitwa mhujumu. Unamjua Bakari wa jenereta? Aliomba ruhusa ya msiba. Hajarudi, na huko msibani hakufika."

"Nitasimamisha kazi mimi."

"Ukisimamisha watakuondoa. Na nafasi yako wanampa mpwa wake Fikirini, yule aliyesomea utalii." Ngwali akatabasamu. "Mimi heri nife kwa makosa yako, shemeji. Angalau yatakuwa na desimali."

Mboni aliingia na sinia. "Mnanong'ona nini? Mnanisema?"

"Tunakusifu," alisema Ngwali. "Shemeji anasema wali wako hauna mfano."

"Muongo," alisema Mboni, lakini alifurahi. Salha hakuweza kula.

Njiani akirudi alipitia upya kila alichokijua. Ukweli alikwisha kuusema, ukageuzwa kuwa maendeleo. Kujiuzulu kungemwacha Ngwali mikononi mwa mtu wa utalii. Kutoroka, Ngwali asingekubali. Akafikiri kwa utaratibu, kama alivyofundishwa: katika nchi hii, ni kitu gani kinachoweza kusimamisha mashine? Si sheria za asili. Si Waziri. Kisha akaukumbuka ule mshale, umesimama kwenye mia mbili na ishirini mwaka baada ya mwaka, huku chini yake kila kitu kikibadilika. Hakuna mtu aliyewahi kuugusa.

Siku ya uzinduzi wa ziara ya pembeni Salha aliwaagiza vibarua walipake bomba mafuta ya nazi kuanzia mapambazuko, mzunguko kwa mzunguko, mpaka gurudumu zima likameta kama bangili ya harusi. Kisha akapanda mnarani mwenyewe. Ngwali alikuwa amevaa ovaroli mpya, amefunga mkanda.

"Sikiliza," alimwambia. "Leo bomba halitaingia. Usiniulize kwa nini. Simama wima, tazama mbele, usitikisike, usiwape sababu ya kurefusha mambo. Wakiondoka tu, unashuka."

"Nisitikisike kabisa?"

"Kabisa."

"Na nzi akinitua?"

"Mvumilie."

"Shemeji," alisema Ngwali, "umewahi kuona mtu wa kwetu anayekaa kimya muda mrefu hivyo? Haya. Kwa ajili yako."

Mlezi Mkuu alifika alasiri. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, mwenye macho mapole ya mtu ambaye kwa miaka mingi hajawahi kukatizwa. Waziri wa Nishati na Shukrani alihutubia. Alisema kwamba mataifa mengine huchimba kwenda chini kwa sababu hayana upeo, bali taifa hili limeamua kuchimba kwenda pembeni. Alisema kwamba dunia inatutazama. Kwaya iliimba beti zote. Kisha Bwana Fikirini akaelekeza mkono kwenye kitufe chekundu, ambacho Mlezi Mkuu angekibonyeza ili mashine ianze.

Salha alitoka kwenye mstari. Halikuwa jambo lililo kwenye ratiba, na walinzi hawakujua wafanye nini na mwanamke mwenye kofia ya usalama anayetembea bila haraka. Alisimama kando ya gurudumu, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mlezi Mkuu. Kabla bomba hili halijazama kwenye tope, wananchi wangependa kujua: linakupendeza?"

Bwana Fikirini aligeuka rangi. Mlezi Mkuu aliweka kidole karibu na kitufe, akakiondoa. Alilitazama gurudumu. Jua lilikuwa limelilalia, na kila mzunguko wa chuma ulitoa mstari wa mwanga.

"Linapendeza," alisema. "Linapendeza sana, lilivyo."

Makofi yalilipuka. Bwana Fikirini alifumba macho, akayafumbua, akainua mkono, kwa sababu sheria ni sheria. Fundi wa kuchomelea alishuka garini na mitambo yake. Cheche ziliruka, na muda si mrefu bomba likawa kitu kimoja na gurudumu lake, na keke ikawa kitu kimoja na bomba, na kitufe chekundu hakikuwa tena na kazi. Waziri aliitangaza ziara ya pembeni kuwa imekamilika kwa mafanikio kabla hata ya kuanza, jambo ambalo halijawahi kufikiwa na taifa lolote.

 Salha alihesabu alichopoteza: bomba moja, mfuko mmoja wa gesi, heshima yake kidogo. Upande wa pili wa hesabu alikuwapo mtu mzima, mwenye wali unaomngoja nyumbani. Hesabu ilikaa sawa. Kesho angefungua valvu taratibu, apunguze gesi iliyojikusanya chini, alizibe lile dirisha kwa saruji, basi.

Mlezi Mkuu alikuwa akielekea kwenye gari lake. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Akasita, akainua uso juu ya mnara.

"Na yule kijana pale, ni nani?"

"Ni mfanyakazi, Mheshimiwa," alisema Bwana Fikirini.

Ngwali alikuwa amesimama wima, anatazama mbele. Nzi alikuwa ametua kwenye shavu lake. Hakutikisika.

"Angalia alivyosimama," alisema Mlezi Mkuu, na sauti yake ilikuwa na upendo wa kweli. "Vijana wa siku hizi hawasimami hivyo. Nimempenda vilevile alivyo."

Akaingia garini.

 Fundi wa kuchomelea alimtazama Bwana Fikirini. Bwana Fikirini aliinua mkono.

"Hapana," alisema Salha. "Bwana Fikirini, mtu si mshale."

"Sheria haisemi mshale, Mhandisi. Inasema kitu chochote."

"Ana mke. Ana watoto."

"Watajivunia." Alimtazama kwa namna ya kumhurumia, na pengine alimhurumia kweli. "Swali halikuwa kwenye ratiba. Wewe ndiye uliyemfundisha Mlezi Mkuu leo kwamba anaombwa apendezwe. Akishaanza, nani wa kumkomesha?"

Itifaki si watu wakatili. Mtu hachomelewi. Kilichochomelewa ni pingili ya mwisho ya mnyororo wa mkanda wake wa usalama, kwenye ukingo wa chuma, kisha ngazi ikaondolewa ili isiharibu mandhari. Ngwali alidhani ni sehemu ya sherehe. Aliendelea kusimama wima hadi gari la mwisho lilipoondoka, akingoja shemeji yake ampe ishara ya kushuka.

Kesho yake eneo lote la kichwa cha kisima lilizungushiwa uzio likawa urithi wa taifa. Valvu zilikuwa ndani ya uzio. Salha aliomba kuingia azifungue kidogo. Aliambiwa kuna fomu, lakini fomu hiyo inatolewa na mtunza urithi, na mtunza urithi atateuliwa Kamati ya Jina ikishaamua aitwe nani. Salha alipandishwa cheo. Kazi yake mpya ilikuwa kuwapokea wanafunzi wanaokuja kutazama na kuwaeleza.

Mchana mmoja, siku kadhaa baadaye, Mboni alikuja na chakula. Ndoo ilifungwa kamba, ikapanda. Huko juu Ngwali aliipokea, akainama na kupiga kelele: "Mke wangu, pilipili umesahau!" Watu waliokuwa nje ya uzio walicheka, wakapiga makofi. Walikwisha kumzoea. Alipewa mwavuli, na mshahara wake haukukatwa hata siku moja.

Mboni hakucheka. Alimsogelea dada yake.

"Dada, hatujazoea kuulizana mengi, mimi na wewe. Nakuuliza moja tu. Huko juu ni salama?"

Salha alitazama chini. Kupitia soli za viatu vyake alihisi ardhi ikitetemeka kidogo sana, kama sufuria ambayo mfuniko wake bado haujaanza kucheza. Mahali fulani kwenye kichwa cha kisima palikuwa na mluzi mwembamba ambao juzi haukuwapo. Gesi ya pembeni ilikuwa imelipata dirisha lake, inapanda, inajaa, na hakukuwa na njia ya kujua imefikia wapi. Alinyanyua macho kwenye kipimo. Mia mbili na ishirini.

Bwana Fikirini alikuwa amesimama hatua chache nyuma yao, mikono mgongoni, na mbele yake kundi la watoto wa shule likingoja maelezo.

Salha alifungua kinywa. Alijua namba zote. Alizipanga, kama alivyofundishwa, ile ya kwanza, ile ya pili, na mwishoni kabisa jibu.

"Anaendelea vizuri," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Bwana Fikirini hakuwa na neno la kusahihisha.